Maua tele, tunda hakuna: kisa cha pasheni za Ipuli

Mpasheni ukikataa kuzaa hapa Tabora, wa kwanza kushtakiwa ni udongo. Udongo wetu mwingi ni wa kichanga, mwepesi, haushiki maji, na kila mtu analijua hilo. Basi mtu akiona maua yanapukutika bila kuacha tunda, anashika njia ya duka la pembejeo. Katika kisa hiki mbolea ilinunuliwa msimu baada ya msimu, ya chenga na ya maji, na mmea ukazidi kunawiri, ukatoa maua mengi kuliko mwanzo, na ndoo ikabaki tupu. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu tatizo halikuwa ardhini hata kidogo, na kwa sababu mipasheni mizuri inang'olewa kila mwaka mjini hapa kwa kosa lisilo lake.

Mwenye mipasheni ni mwalimu mstaafu anayeishi Ipuli. Mtaa mzima unamwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo hivyo. Mbegu ya yote ilitoka Ujiji, nyumbani kwa mkwe wake, mzazi wa mume wa bintiye. Nasema mbegu kwa mazoea tu, maana hakupewa mbegu. Alipewa kipande cha shina, akakifunga kwenye gunia bichi, akapanda nacho treni mpaka Tabora, akakichomeka kwenye kopo, kikashika. Mmea ulipopata nguvu alikata vipande vingine kutoka kwenye huo huo, akavipanda kuzunguka ua, na baada ya muda upande wote wa magharibi wa kiwanja ulikuwa ukuta wa kijani. Ni pasheni ya njano, yenye tunda kubwa na uchachu mkali. Ile ndogo ya zambarau ni ya nyanda za baridi.

"Mwanangu, kule Ujiji wanaokota kwa ndoo," aliniambia siku ya kwanza. "Mkwe wangu hajui juisi ya kununua. Mimi huku natunza kama mtoto, nafagia maua tu."

Hayo maneno ya ndoo za Ujiji yaliwapotosha wengi. Ujiji iko kando ya Ziwa Tanganyika, chini ya meta 800 kutoka usawa wa bahari, joto lake ni la mwambao wa ziwa. Tabora iko kwenye meta 1,200 hivi. Kwa hiyo kila aliyeulizwa alijibu kwamba hali ya hewa ndiyo imemgomea, kwamba mmea wa ziwani hauzai bara. Jibu hilo lina sura ya ukweli, kwa sababu pasheni ya njano kweli hupenda joto. Lakini mmea uliogomewa na hali ya hewa hutangaza mapema: hudumaa, majani hupauka, chipukizi hufa ncha. Huu ulikuwa unapanda mpaka juu ya mwembe wa jirani.

Ushauri wa pili ulikuwa kukata, na Mwalimu alikata. Ushauri wa tatu ulitoka kwa mzee wa nyumba ya nyuma, mtu anayeheshimika, aliyelima tumbaku Urambo miaka mingi. Alisimama, akatazama maua yaliyotapakaa chini, akasema, "Mwalimu, huu ni dume. Ng'oa, usijichoshe."

Neno hilo la dume nalisikia sana, na limeua mipasheni mingi. Limetoka kwenye mapapai. Mpapai dume upo kweli, unatoa maua marefu yanayoning'inia na hauzai, na anayeung'oa hajakosea. Pasheni haiko hivyo. Kila ua la pasheni limebeba vyote viwili: vifuko vitano vya chavua vya kiume, na vichwa vitatu vya kike juu ya kitunda kidogo ambacho kikipokea chavua ndicho kinachokua kuwa pasheni. Hakuna mpasheni dume. Hata hivyo namtetea mzee yule kwa jambo moja: alikuwa karibu na ukweli kuliko wote waliozungumzia mbolea, kwa sababu aliona kwamba tatizo liko kwenye uzazi wa ua, si kwenye tumbo la mmea.

Hapo ndipo ninapotaka mtu mwenye mpasheni mgumu aanzie. Ajiulize: je, mmea wangu hautoi maua, au unatoa maua yasiyoshika? Ni maradhi mawili tofauti na dawa zake hazikutani. Mmea usiotoa maua huenda umewekwa kivulini, au umelishwa samadi ya kuku kupita kiasi ukabaki kuota majani, au haujakatwa muda mrefu. Pasheni hutoa ua kwenye chipukizi jipya, pale jani linapoungana na tawi. Ukiacha matawi makuukuu yajisokote bila kuguswa, utapata kichaka. Kwa huo, kisu na kupunguza samadi vinasaidia. Mmea wa Mwalimu haukuwa wa kundi hilo. Alikuwa na maua mengi mno, kila siku, pengine kuliko ua wowote Ipuli. Kumwongezea mbolea kulikuwa kumwongezea maua ya kufagia.

Tulianza na yaliyoanguka. Tuliokota maua ya jana na juzi, tukayapasua kwa wembe. Hayakuwa na funza wala tundu la mdudu. Kitunda cha ndani kilikuwa kimegeuka njano na kusinyaa kikiwa kidogo kuliko punje ya mbaazi, maana yake hakikuwahi kuanza kukua. Tunda lililoanza kukua likaja kuanguka kwa kiu au kwa kutobolewa na nzi wa matunda huwa limeshafikia ukubwa fulani, na huwa na alama. Majani yalikuwa safi, hayakukunjamana wala kuwa na mabaka ya njano ya virusi. Chini ya shina hapakuwa na uozo. Maji hayakuwa tatizo: bomba lipo, anamwagilia jioni, na shina limetandazwa nyasi kavu ili unyevu usikimbie, jambo la lazima kwa mmea wenye mizizi ya juujuu kama huu. Zaidi ya hayo, maua yalianguka kiangazi na masika bila kubagua. Kiu ingechagua msimu.

Palibaki ua lenyewe, na saa yake.

Ua la pasheni ni kazi ya ajabu, na nasikitika kwamba wengi wenye mipasheni hawajapata kulitazama likiwa wazi. Sababu ni rahisi. Watu wetu hukagua bustani asubuhi, wakati wa kufagia na kumwagilia, na asubuhi hakuna ua la pasheni ya njano lililo wazi. Yanayoonekana asubuhi ni maiti za jana, zimejifunga, na machipukizi ya leo ambayo hayajafunguka. Pasheni ya njano hufungua maua yake kuanzia saa sita mchana, yanachanua sana mnamo saa saba na saa nane, kisha hujifunga usiku, saa tatu au nne, na ndiyo basi. Ua moja lina mchana mmoja tu. Ile ya zambarau hufanya kinyume: hufunguka alfajiri na kujifunga kwenye saa sita. Ndiyo maana aliyemshauri Mwalimu achanganye za zambarau katikati ya ukuta ule wa njano ili "zisaidiane" hakumsaidia. Moja inafunga mlango ndipo nyingine inafungua.

Basi tuliketi na Mwalimu chini ya mwembe saa za jua kali, viti vikielekea ukuta wa pasheni. Saa sita ilipopita kidogo maua yalianza kufunguka, petali nyeupe zikarudi nyuma na ile shada ya nyuzi zenye zambarau shinani ikatandazika. Katikati husimama mhimili mfupi. Juu yake vifuko vitano vya chavua hugeuza uso chini, na juu zaidi vichwa vitatu vya kike, mwanzoni vimesimama wima, mbali na kila kitu. Kisha, polepole, kama saa moja hivi baada ya ua kufunguka, vile vichwa huinama mpaka vikakaa usawa wa vifuko vya chavua. Sasa ua liko tayari. Asali yake imefichwa chini kabisa kuzunguka mhimili, kwa hiyo anayeifuata hupita chini ya vifuko na vichwa hivyo. Kama ana mgongo mrefu wa kutosha, mgongo utapangusa chavua kwenye ua hili na kuipaka kwenye ua lijalo.

Nyuki walikuja, tena wengi. Kijana wa Mwalimu ni mfugaji nyuki na ana mizinga nyuma ya nyumba, na hilo ndilo lililofanya kisa kiwe kigumu kwa kila mtu. Hii ni Tabora. Asali yetu inasifika nchi nzima, misitu ya miyombo ya Sikonge na Kaliua imejaa mizinga, chuo cha ufugaji nyuki kiko hapa hapa. Nani angethubutu kumwambia mtu wa Tabora, ambaye maua yake yananguruma nyuki, kwamba maua hayo yamekosa mchavushaji?

Lakini ukitazama mmoja mmoja, unaona. Nyuki wa asali ni mdogo kwa ua hili. Anayefuata asali anaingia chini, anazunguka mhimili, anakunywa, anatoka, na kati ya mgongo wake na vifuko vya chavua kuna nafasi ya kupita mwingine. Hagusi kitu. Anayefuata chavua anafanya vibaya zaidi: ananing'inia kwenye kifuko chenyewe, anakwangua chavua yote, anaibandika miguuni, anaipeleka mzingani kulisha watoto. Vichwa vya kike viko juu yake na wala havihitaji. Kufikia saa nane na nusu vifuko vingi vilikuwa vimekwanguliwa vikabaki ngozi tupu. Chavua ya pasheni ni nzito na inanata, upepo hauwezi kuibeba. Ikishachukuliwa na nyuki wa asali, ua limekwisha.

Mchavushaji wa kweli wa pasheni ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao. Kila mtu anamjua, wapo weusi tititi na wapo wenye mkanda mweupe au wa njano mgongoni, anavuma kwa sauti nzito, anazunguka vichwa vya watu penye mapaa ya zamani. Hakai kwenye mzinga wala hana asali ya kurinwa. Kila jike hutoboa tundu lake kwenye mti mkavu, upana wa kidole, na kulea watoto humo. Mgongo wake unafika. Akiingia kwenye ua la pasheni anajaza nafasi yote, chavua inabaki kama unga wa njano mgongoni, na ua lijalo linapanguswa bila yeye kukusudia. Mchana ule wote hatukumwona hata mmoja.

"Wale wanaotoboa paa?" Mwalimu aliuliza, kisha akanyamaza kidogo. "Wale niliwamaliza, mwanangu."

Zamani ua wake ulikuwa wa nguzo za miti, na jiko la nje lilikuwa na boriti kuukuu zilizojaa matundu. Alipojenga upya, nguzo zikawa mabomba ya chuma, jiko likawa la tofali, na fundi aliziba matundu ya kenchi za nyumba kwa mafuta na saruji. Simlaumu. Mtu anayeona unga wa mbao ukimwagika kutoka kwenye paa aliloligharimia ana haki ya kuliokoa. Ila nyumba nyingi za Ipuli zimejengwa upya namna hiyo hiyo, na sasa mtaa mzima una maua ya pasheni na hauna wa kuyatumikia.

Kama kisa kingeishia hapo, dawa ingekuwa kidole: unapaka chavua kwa mkono, mambo yanakwisha. Tulifanya hivyo. Tuliyawahi maua kabla nyuki wa asali hawajayakwangua, tukachukua chavua kwenye mmea wa pembeni ya geti, tukapaka kwenye vichwa vya maua ya mmea wa kati, tukayafunga uzi mwekundu. Yakaanguka yote. Mwalimu aliniletea yale maua na nyuzi zake kwenye sahani, na uso wake ulisema kwamba sasa amechoka.

Mimi nililitarajia jibu hilo, na nilitaka alione kwa macho yake, maana maneno peke yake yasingetosha. Mipasheni yote ya ua ule imetokana na kipande kimoja kutoka Ujiji. Mtu akiitazama anaona mimea mingi. Kwa asili yake ni mmea mmoja uliosimama mahali pengi. Na pasheni ya njano haijipi mimba. Chavua yake ikitua kwenye kichwa chake yenyewe, kichwa kinaitambua na kuizuia isiote, kwa hiyo haifiki kwenye kitunda. Chavua ya mmea uliotokana na kipande chake ni hiyo hiyo. Unaweza kupanda heka nzima kwa vipande vya shina moja, ukaajiri watu wa kupaka chavua kutwa, na usivune kitu. Pasheni ya zambarau ni tofauti, hujizalisha yenyewe, na pengine ndiyo maana watu waliozoea ya zambarau milimani hawaoni hatari ya kupanda kwa vipande.

Hapa pana jambo linaloniuma. Kupanda kwa kipande kunasifiwa, na kwa haki: mmea unafanana na mama yake, unawahi kuzaa, unajua unachopata. Wauza miche wanakata vipande kutoka kwenye mpasheni wao mzuri mmoja na kuuza mtaa mzima. Kila mteja anapata mche bora wenye afya, na hakuna hata mmoja atakayezaa kama jirani zake wote wamenunua pale pale. Mteja wa pasheni ya njano anapaswa kuuliza mche umetoka wapi, na achukue kutoka kwa wauzaji tofauti, au aoteshe kwa mbegu. Mbegu za tunda moja huzaa mimea ambayo kila mmoja una asili yake. Hata hivyo ndugu wa tunda moja wengine hukataana pia, kwa hiyo ni salama zaidi kuchanganya mbegu za matunda yaliyotoka kwenye nyumba tofauti.

Jaribio la pili lilikuwa kutafuta chavua ya mgeni. Huko Kiloleni kuna familia yenye mpasheni uliojiotea jalalani kwa mbegu. Kijana wa Mwalimu alikwenda kwa pikipiki saa saba mchana, akachuma maua yaliyofunguka, akayalaza kwenye bakuli kavu lenye kifuniko. Ukavu ni muhimu sana. Chembe ya chavua ya pasheni ikiguswa na maji hupasuka na kufa, hivyo hakuna kunyunyizia maua ili yasinyauke njiani. Tulisubiri vichwa vya kike viiname, tukavipaka vyote vitatu, tukafunga uzi mweupe. Tulitumia kidole kisafi, wengine hutumia pamba. Huko Brazili, nchi inayoongoza duniani kwa pasheni, kupaka kwa vidole ni kazi ya kawaida ya shambani kila mchana.

Siku ya tatu ua la uzi mweupe lilikuwa na kitunda kilichovimba, kijani, kinang'aa. Yalishika mengi, hayakushika yote. Yaliyoanguka tulipoyakumbuka yalivyokuwa, mengi ni yale ambayo vichwa vyake vilibaki wima mchana kutwa bila kuinama. Kila mpasheni hutoa maua ya namna hiyo. Chavua yake inafaa kuchukuliwa, lakini kuyapaka ni kazi bure, hayazai. Mwalimu sasa anayaruka bila hata kusimama.

Na ndoo za Ujiji zikapata maelezo yake. Binti yake alipoulizwa kwa simu alisema pale kwa wakwe kila uzio wa jirani una pasheni, hakuna aliyepanda, zimeota zenyewe kwa mbegu za maganda yanayotupwa. Na nyumba nyingi bado zina mapaa ya miti mikongwe. Mmea wa mkwe haujizalishi zaidi ya huu wa Ipuli. Una majirani wasio ndugu zake, na una nyuki wa kuwatembelea. Kipande kilipopanda treni kilikuja peke yake.

Matengenezo yalichukua muda. La haraka lilikuwa kupaka kwa mkono kwa chavua ya Kiloleni, kila mchana ambao mtu yupo, bila kulenga maua yote. Mmea ukibebeshwa kupita uwezo wake matunda yanakuwa madogo. Wakati huo huo Mwalimu aliotesha mbegu kutoka kwenye matunda ya sokoni, ya Kiloleni, na ya Ujiji yaliyoletwa na binti, akaipanda miche hiyo katikati ya ile ya zamani, si upande wake peke yake, ili nyuki akihama ua moja kwenda la pili awe anavuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine asiye yeye.

Kuwarudisha nyuki wakubwa kulihitaji kumshawishi. Alikuwa na hofu ya paa lake. Tulikubaliana kwamba wapewe pa kukaa mbali na nyumba: magogo makavu ya mti laini, ambayo hayakupakwa dawa wala rangi, yaliyotundikwa chini ya kibanda kidogo cha bati mwisho wa kiwanja, mvua isiyafikie. Yale yenye matundu ya zamani ni bora zaidi, na tulipata kadhaa kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, lililobomolewa huko vijijini. Kenchi za nyumba zilipigwa rangi, maana mbao iliyopakwa vizuri haiwapendezi. Nyuki hawa wanahitaji pia chakula siku ambazo pasheni haina ua, basi pembeni ikapandwa marejea na mbaazi. Maua yake ya njano wanayapenda sana, na mbaazi inaliwa na marejea inarutubisha kichanga chetu.

Mizinga ya kijana ilileta maneno. Yeye alisema nyuki wake wameonewa, na kwa kiasi alikuwa na haki, kwa sababu nyuki wa asali ndio wanaochavusha mimea mingi mingine ya ua ule. Msimamo wangu ulikuwa kwamba mizinga ya nyuki wetu wakali haifai katikati ya nyumba za watu, pasheni iwepo au isiwepo, na Mwalimu, mama yake, aliunga mkono. Mizinga ikahamia shambani kwao, kwenye miyombo, na kijana alikiri baadaye kwamba inajaza vizuri zaidi kule. Nyuki wa asali hawakuisha Ipuli, hawawezi kuisha, lakini maua sasa yanafika saa nane yakiwa bado na chavua.

Kulikuwa na kikwazo kingine ambacho hakiondoki: mvua. Mvua za Tabora huanza Novemba na kuishia Aprili, na nyingi hushuka alasiri, saa zile zile ua la pasheni linapokuwa wazi. Ua lililopakwa chavua linahitaji kama saa mbili za ukavu. Mvua ikiliwahi, chavua imeharibika. Kwa hiyo maua ya Januari hapa kwetu ni ya kutazama zaidi kuliko kuvuna, hata ukiwa na nyuki wote wa dunia. Maua ya kutegemea ni yale ya kabla ya mvua na ya mara baada yake, na hayo yanategemea maji ya bomba. Mwalimu alibadilisha ratiba yake yote: anakata matawi mapema kiangazi, anamwagilia kwa bidii Agosti na Septemba ili chipukizi jipya litoe maua Oktoba kukiwa kukavu, na anapunguza samadi ya kuku. Pampu ya dawa haiguswi mchana. Jirani wa mchicha aliyekuwa akipuliza saa saba aliombwa kwa heshima apulize jioni kabisa, akakubali, na sasa naye anapelekewa matunda.

Tangu ua lishike mpaka tunda lianguke ni miezi miwili hadi miwili na nusu. Pasheni ya njano haichumwi, inaokotwa, inajiangusha ikiiva. Matunda ya kwanza yaliyotokana na kidole yalikuwa ya kila aina, na hapo tulijifunza jambo ambalo wanunuzi sokoni wangependa kulijua. Kila mbegu ndani ya pasheni imetokana na chembe yake ya chavua, na kila mbegu imevaa mfuko wake wa juisi. Ua lililopakwa kidogo linatoa tunda kubwa kwa nje, jepesi mkononi, na ukilipasua unakuta ganda na upepo. Lililopakwa vyema vichwa vyote vitatu linakuwa zito. Watu husema pasheni tupu imekosa maji au imevunwa changa. Mara nyingi imekosa chavua. Mwalimu alianza kupaka kwa utulivu zaidi, na tofauti ilisikika kwa uzito wa ndoo.

Nyuki wakubwa walionekana msimu uliofuata. Kwanza alikuja mmoja, kwenye marejea, kisha unga wa mbao safi ukaonekana chini ya magogo. Bado hawatoshi, na kupaka kwa mkono hakujakoma.

Kilichobaki ni kuamua juu ya mipasheni ya zamani. Mpasheni huzaa vizuri miaka mitatu hadi mitano tu, na ile ya kwanza ya Ipuli inakaribia mwisho wake. Mwalimu alitaka kuing'oa yote kwa pamoja sasa kwa kuwa ya mbegu imeanza kutoa maua. Nimemwomba asifanye hivyo kabla hajajua ipi kati ya miche mipya inakubaliana na ipi. Anaijaribu kila mchana kwa kidole, mmoja kwa mmoja, na kuandika kwenye daftari la shule, safu za juu zikiwa mimea inayotoa chavua na za pembeni zile zinazopokea. Miwili imeshaonekana inakataana kabisa. Mmoja wa hiyo utahamishiwa kwa yule mzee wa nyumba ya nyuma, ambaye ameomba mche, na ukuta wake uko karibu kiasi cha nyuki kuufikia.